Lisilazwe

Jioni nilimpigia simu: Shangazi, chomoa waya,
acha mlango wazi usiku kucha.
Alfajiri nikamkuta amepiga magoti,
anakamua kitambaa kwenye beseni
taratibu, kana kwamba anamwogesha mtu.

Ghorofa ya saba, Gldani, kaskazini mwa Tbilisi.
Lifti ya jengo hili haipandi mpaka ilishwe sarafu,
na mlango wake, nimeupima mara mbili, ni hamsini na nane.
Jokofu ni sitini na tatu.
Kwa sentimita tano hizo
tutashuka vidato mia na nane.

Rafu za vioo tulizitoa kwanza,
kila moja ikavaa gazeti lake.
Katika droo la mboga: ubua wa bizari,
ufunguo usiojulikana ni wa wapi,
na harufu ya jibini iliyokataa kuhama.
"Miaka ile umeme ulipokuwa mgeni wa saa mbili," akasema,
"humu nilitunza unga na viatu vya baridi.
Halikulalamika."

Mlango tukaufunga kwa mkanda wa kitambaa, si kwa gundi;
gundi ikibanduliwa huondoka na rangi.
Kisha mablanketi mawili, kisha kamba.
Gela, wewe mwenye mabega, shika chini,
mimi mwenye woga nitashika juu.
Usivute mpini. Usiguse mgongo,
kuna mabomba huko, membamba kama mishipa.
Liinamishe kidogo tu, kama mtu anayesikiliza,
lakini lisilazwe. Likilazwa,
mafuta hutoka moyoni yakapanda yasikotakiwa.

Ghorofa ya nne Otari alifungua mlango, soksi na sigara:
"Lilazeni tu, mtamaliza upesi!"
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Hatukumjibu. Pumzi ilikuwa na kazi nyingine.

Ghorofa ya pili, konani, kamba iliteleza
upana wa kidole,
na kidole, ukiwa juu ya ngazi, ni shimo.
Sikuuona mkono wake ukipita.
Shangazi aliuingiza kati ya zege na bati,
akanyamaza.
Ngozi ya vifundo ilibaki ukutani.
"Una wazimu?" Gela akafoka.
Yeye akapapasa blanketi, pale penye mbonyeo wa zamani,
wa siku Vazha alipolipandisha peke yake
kwa kuwa majirani walisema hawezi.
"Kovu lake hili linatosha," akasema.
Tukashuka vidato vilivyobaki bila neno.

Rustavi tulifika nalo limesimama,
limefungwa ubavuni mwa lori
kama mgeni aliyekataa kiti.
Tsisana, bintiye, tayari alikuwa na plagi mkononi.
Bado, nikamwambia, mpaka kesho,
mafuta yashuke kwanza.
Acha nafasi ya kiganja kati yake na ukuta.
Na huo mguu wa kushoto unachezacheza,
utilie kipande cha boksi.

Basi, Tsisana akamgeukia mama yake,
vua koti, tufungue masanduku yako.
Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti chenye plastiki bado,
mkono umefungwa leso,
vifungo vya koti vimefika shingoni.
"Kesho," akasema,
akauliza choo kiko upande gani.

Asubuhi iliyofuata, saa tatu, simu yangu ikalia.
Hakuna salamu, hakuna jina,
mngurumo tu, wa chini,
ukikwama, ukikohoa, ukiendelea.
Nikakaa nao, kahawa ikipoa,
mpaka sauti yake ikaingia kwa mbali,
ya mtu aliyeinua simu hewani kwa mkono mzima:
"Unalisikia?"